KINGA KATIKA NJIA ISIYO NA MAGARI
Somo kutoka mifereji ya Ubelgiji



Somo la safari hii ni juu ya kinga, ambayo wengine huiita velo. Hakuna asiyeijua. Mmoja huitumia kwenda kazini, mwingine hubebea unga, na kwenye barabara zinazoingia Lubumbashi tunawaona asubuhi wale wanaosukuma kinga zilizojaa makala mpaka mwenyewe haonekani nyuma ya magunia. Na kila mtu aliyewahi kupanda kinga anajua kwamba adui wake mkubwa si kilima wala mvua. Ni gari.

Basi tujiulize: kama magari yangeondolewa njiani, je, hatari zote zingekwisha? Swali hili si la ndoto. Kuna nchi ambako zimetengenezwa njia ndefu za kinga, mbali na barabara za magari, na watu wameziendesha miaka mingi hata tukajua faida yake na matatizo yake. Tutakwenda Ubelgiji, katika sehemu ya tambarare inayoitwa Kempen, upande wa kaskazini-mashariki. Tumechagua huko kwa sababu mbili. Kwanza, njia zake za kando ya maji ni mfano mzuri kwa somo letu. Pili, ni nchi ya migodi na viwanda vya madini, na madini ya Katanga yamepita pale. Wapo pia Wakongo wengi wanaoishi Ubelgiji. Wasomaji wenye ndugu huko wanaweza kuwapelekea habari hii.

Gari likiondoka, ni nini kinachobadilika?

Tuanze na hesabu kidogo. Mtu anayekwenda kwa kinga mwendo wa kilometri 18 kwa saa hupita metri 5 katika sekunde moja. Gari linalokwenda kilometri 90 kwa saa hupita metri 25 katika sekunde ileile. Dereva akigeuza macho sekunde mbili tu kutazama kitu kingine, amekwisha kupita metri 50 bila kuona. Tena, nguvu ya kugonga haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya kugonga inakuwa mara nne. Ndiyo maana mtu anayegongwa na gari la kilometri 30 kwa saa mara nyingi anapona, lakini mwendo ukizidi 50 nafasi ya kupona inapungua haraka sana.

Katika njia isiyo na magari, kitu chenye mwendo mkubwa kuliko vyote ni kinga yenyewe. Watu wawili wakigongana wanaweza kuvunjika mkono, na hilo si jambo dogo, lakini ni tofauti kabisa na kupitiwa na kamyo.

Mtu wa mgodini hana haja ya kufundishwa sana jambo hili. Chini ya ardhi tunajua kwamba mahali pa lokomotivu na vagoni si mahali pa kutembea, na kwamba pale inapowezekana watu wanapewa njia yao. Hatungoji mtu awe mwangalifu kila dakika ya maisha yake, maana hakuna anayeweza. Mwisho wa poste macho yamechoka. Tunatenga njia kwanza, halafu ndipo tunamwomba mtu awe mwangalifu. Juu ya ardhi sheria ni ileile, ila tunaisahau mara tunapotoka mlangoni.

Kwa nini njia hizi ni tambarare

Njia nyingi za kinga za Kempen zinafuata mifereji, yaani mito iliyochimbwa na watu ili mashua zipite na mizigo. Mfereji unaoitwa Zuid-Willemsvaart ulichimbwa kati ya miaka ya 1822 na 1826. Mwingine, unaotoka Bocholt kwenda Herentals, ulifuata katika miaka ya 1840. Huu wa pili ulikuwa na kazi mbili: kubeba mizigo, na kupeleka maji ya mto Meuse katika nchi ya mchanga mkavu ili majani ya ng'ombe yaote.

Maji ya mfereji hayapandi kilima. Kwa hiyo mfereji huchimbwa kwa usawa, na pale nchi inaposhuka hujengwa mlango wa maji wenye milango miwili: mashua huingia katikati, milango hufungwa, maji huongezwa au hupunguzwa mpaka yalingane na upande wa pili. Ni kama kizimba cha mgodi kinachopandisha na kuteremsha, ila kinatumia maji badala ya kamba ya chuma. Kando ya mfereji ilifanywa njia nyembamba. Zamani, kabla ya injini, farasi walipita humo wakivuta mashua kwa kamba, na mahali pengine watu wenyewe ndio waliovuta, baba mbele na mama na watoto nyuma yake. Kwa Kiholanzi cha pale njia hiyo inaitwa jaagpad.

Injini ilipokuja, farasi waliondoka na njia ikabaki. Ilikuwa sawa tangu mwanzo kwa sababu inafuata maji, na magari ya kawaida hayaruhusiwi kupita. Ikatiwa lami au saruji, na leo ni ya watu wa kinga na wa miguu. Yaani hawakuhitaji kubomoa nyumba wala kuchimba kilima; waliitazama tu njia ya kale na kuipa kazi mpya. Vivyo hivyo vipande vya reli ya zamani ya makaa ya mawe, huko Limburg, vimekuwa njia za kinga.

Yanayoonekana njiani

Tuseme mtu ameanza Herentals, akifuata mfereji kwenda mashariki. Mpaka Bocholt ni karibu kilometri 60. Kwa mwendo wa kilometri 15 kwa saa, bila kuhesabu mapumziko, ni saa nne.

Hachukui muda mrefu kabla ya kufika Olen, na hapo Mkatanga yeyote angesimama. Kiwanda kilicho karibu na mfereji kilijengwa kwa ajili ya mawe yetu. Uranium ya Shinkolobwe ilikuwa imegunduliwa mwaka 1915. Mawe yalisafirishwa kwa treni, yakavuka bahari kwa meli, na mwaka 1922 kiwanda cha Olen kilianza kutoa radium ndani yake. Baadaye shaba na kobalti ya Katanga zilisafishwa hapo pia. Leo kiwanda ni cha kampuni ya Umicore, jina ambalo Union Minière ilijipa mwaka 2001. Radium ilitumika hospitalini kutibu kansa, lakini inatoa miale ambayo haionekani, hainuki, na inadhuru damu na mifupa. Mabaki ya kazi ile yangali yanatunzwa Olen chini ya ulinzi. Msafiri wa kinga hupita kando na kutazama. Uzio ni uzio. Jambo hili liwe wazi kwa vijana wa huku pia: chimo la zamani lililofungwa si mahali pa kutembelea.

Mbele zaidi, baada ya Mol, inakuja Lommel. Hapo karibu na mfereji kuna uwanda wa mchanga mweupe wenye ziwa katikati, na watu wameuita Sahara. Jina linachekesha, lakini sababu yake haichekeshi. Kiwanda cha zinki kilichoanza hapo mwaka 1904 kilitoa moshi uliokausha mimea, na mchanga ulichimbwa pia kwa ajili ya viwanda. Pasipo mizizi, mchanga ukaanza kupeperuka. Ikabidi misonobari ipandwe kuuzuia. Wasomaji wa Lubumbashi wanajua ardhi iliyo wazi, isiyo na miti, upande ambao upepo ulipeleka moshi wa mtambo wa zamani wa kuyeyusha shaba. Wataielewa Sahara ya Lommel bila kuhitaji maelezo mengi.

Huko Lommel kuna pia daraja juu ya mfereji ambalo Waingereza huliita daraja la Joe. Askari wao walilikamata usiku wa tarehe 10 Septemba 1944, na tarehe 17 ya mwezi uleule vifaru viliondoka hapo kwenda Uholanzi, kuelekea Arnhem. Mpango ule haukufanikiwa. Kilometri chache kutoka hapo kuna makaburi ya askari wa Ujerumani wa vita ile, zaidi ya 38,000, yenye misalaba ya mawe katika mistari inayopotea kati ya miti. Wengi wao walikuwa vijana wa umri wa kuanza kazi.

Kutoka Bocholt msafiri anaweza kugeuka kusini na kufuata Zuid-Willemsvaart mpaka Eisden, lakini hiyo iwe safari ya siku ya pili. Eisden ni mgodi wa makaa ya mawe uliofungwa mwaka 1987. Vilima vya mabaki na minara miwili ya kizimba bado vinasimama, na kando yake kuna cité ya wafanyakazi wenye nyumba na bustani, na kanisa la Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba migodi. Migodi yote ya Limburg imefungwa. Wa mwisho, Zolder, ulifungwa mwaka 1992.

Namba za galeri zapanda juu

Kufungwa kwa migodi kulileta jambo moja ambalo sisi tunalipenda kuliko mengine yote katika habari hii. Mhandisi wa migodi ile, Hugo Bollen, aliona kwamba watu wa kinga hupotea. Vibao vya zamani viliwalazimisha kufuata mzunguko mmoja tu, ukitoka, umepotea. Akakumbuka jinsi watu wanavyojua njia chini ya ardhi: penye makutano ya galeri pana namba. Akasema tufanye hivyo juu. Kila makutano ya njia za kinga yapewe namba, na kibao kionyeshe namba za makutano yanayofuata. Msafiri anaandika namba zake kwenye karatasi, kwa mfano 21, 64, 30, na anazifuata.

Mtandao wa Limburg ulifunguliwa mwaka 1995, na leo una karibu kilometri 2000. Flandres yote iliuiga, na Uholanzi pia. Watu wengi wanaofurahia namba hizo siku ya Jumapili hawajui kwamba zilitoka shimoni.

Tazama pia faida yake kwa usalama. Mtu akianguka katikati ya mashamba, mwenzake anaita msaada kwa namba 112 na kusema: tuko kati ya namba 64 na 30. Msaada unajua pa kwenda. Kila mtu aliyefundishwa uokoaji mgodini anajua thamani ya dakika zinazookolewa hapo.

Hatari zinazobaki

Sasa turudi kwenye swali letu. Magari yameondoka, hatari zimekwisha? Hapana. Zimebadilika, na mbaya zaidi, mtu amelegea kwa sababu anajiona salama.

Hatari kubwa kuliko zote ni makutano. Mfereji hupita chini ya madaraja, na mara kwa mara njia ya kinga hukata barabara. Mtu ametembea saa nzima bila kuona gari, masikio yake yamezoea ndege na upepo, halafu ghafula barabara. Dereva naye hamtazamii. Hapo inafaa kupunguza mwendo kabla ya kufika, kuweka vidole kwenye freni, kutazama kushoto, kulia, tena kushoto. Kama huoni vizuri, shuka.

Ya pili ni maji. Mahali pengi kuta za mfereji ni wima, za chuma au saruji, na aliyeanguka hapati pa kushika, hata kama anajua kuogelea. Kwa hiyo mtu asiendeshe ukingoni, na asisimamishe kinga ukingoni. Mtoto akiwa pamoja nanyi, yeye awe upande wa nchi kavu na mkubwa awe upande wa maji. Mtu akitumbukia, usiruke nyuma yake kwa haraka. Tafuta kwanza kamba, tawi au kitu kinachoelea, na piga kelele.

Ya tatu ni watu wenyewe. Siku nzuri njia hujaa: wazee, watoto, wavuvi wenye fimbo ndefu zinazolala njiani, vijana wa mashindano wanaokuja kwa kundi, na sasa kinga za umeme ambazo hazina kelele. Chini ya daraja njia huwa nyembamba na giza, na huoni anayekuja. Endesha kuume, pita kushoto, piga kengele mapema. Kengele si matusi. Na usidhani kwamba gari haliwezi kutokea hata moja: magari ya watunza mfereji huruhusiwa, yakienda taratibu.

Tambarare huchosha namna yake

Watu husema: penye tambarare hakuna kazi. Si kweli. Kwenye kilima unapanda kwa jasho, halafu unateremka na miguu inapumzika. Kwenye tambarare hakuna mteremko. Miguu inazunguka saa nne bila kusimama, mgongo umeinama namna ileile, viganja vinabeba uzito mahali palepale mpaka vidole vinakufa ganzi. Badilisha mahali pa kushika usukani. Kila baada ya nusu saa hivi shuka, nyoosha mgongo, kunywa maji hata kama huna kiu.

Urefu wa kiti ni jambo ambalo wengi hulidharau, na magoti ndiyo yanayolipa. Kaa kwenye kiti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama. Kisha unapoendesha, sukuma kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na goti litabaki limekunjwa kidogo. Kiti kilicho chini sana, kama tunavyokiona kwa watu wengi, huumiza goti kwa mbele.

Halafu upepo. Nchi tambarare haina kitu cha kuuzuia. Mwendo wa kinga ukiongezeka mara mbili, upepo unakurudisha kwa nguvu mara nne, na upepo wa mbele unaongezea juu ya huo. Anza safari ukiukabili, rudi nao mgongoni. Wengi hufanya kinyume: wanakwenda mbali kwa furaha, wanajisifu kwamba wana nguvu, kisha wanarudi wamechoka, jua linazama, na hawana taa. Wakiwa wengi waendeshe mmoja nyuma ya mwingine na kupokezana mbele, lakini waache nafasi ya kufunga freni.

Kwa mwenye afya, kinga katika njia sawa ni mazoezi mema: moyo unafanya kazi, uzito wa mwili uko juu ya kiti, na viungo havigongwi kama mtu anapokimbia. Lakini mtumishi aliyefanya kazi miaka mingi katika vumbi, anayekohoa au kukosa pumzi, aonane na munganga kwanza. Maumivu ya kifua njiani maana yake ni kusimama pale pale, si kumalizia kilometri zilizobaki.

Na kwetu?

Hatuna mifereji ya Kempen. Tuna njia za miguu zinazokata mashambani na njia za zamani ambazo magari yameziacha. Reli isiwe njia yako kamwe: reli za Limburg tulizozitaja zilikufa kwanza, ndipo zikawa za kinga. Penye treni inayopita, hata kama inapita mara moja kwa juma, hapo si mahali pa kinga. Uliza wenyeji pia kama njia ni salama, na usiiingie peke yako usiku.

Siku ya mapumziko, chukua kinga na mtoto wako mkubwa, mpite njia mbili au tatu zinazotoka nyumbani kwenda kazini. Msihesabu kilometri peke yake. Hesabuni ni mara ngapi kila njia inakata barabara ya makamyo, na kwa kipande gani mnaendesha pamoja na magari. Njia ndefu inayokata barabara mara moja ni bora kuliko fupi inayokata mara tano. Kilometri 2 zaidi, kwa mwendo wa kilometri 15 kwa saa, ni dakika 8. Ondoka nyumbani dakika 10 mapema.